Saa ya kwanza ni ya muuguzi wa zamu, zimamoto na sheha

Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, wilaya ya Mkoani, Pemba, watu 9 walikufa na wengine 78 walilazwa baada ya kula nyama ya kasa. Wanane kati ya waliokufa walikuwa watoto. Sumu ile huwamo ndani ya nyama yenyewe, haiondoki kwa kupikwa, na haina dawa ya kuivunja mwilini. Daktari anachoweza ni kumshikilia mgonjwa kwa maji na hewa mpaka mwili wake ushinde, au ushindwe. Mwaka 2021 Pemba ilikwishapoteza watu 7 kwa nyama hiyo hiyo.

Naanza na Panza kwa makusudi, ingawa hapakuwa na gaidi wala silaha. Zifikirie saa za mwanzo za msiba kama ule. Watoto wa nyumba kadhaa wanatapika, mmoja amelegea, mama zao wamepanda mashua kuja hospitali. Muuguzi anayewapokea hana njia ya kujua kama ni chakula, maji ya kisima, dawa ya wadudu, au sumu iliyotiwa na mtu kwa kukusudia. Jina la sababu litatoka maabara, baadaye. Lakini maswali anayotakiwa kuuliza ni yale yale: wamekula nini, wapi, saa ngapi, nani mwengine alikula, nani bado yuko nyumbani. Na simu anayotakiwa kupiga ni ile ile.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Zanzibar ikitaka kujilinda na ugaidi wa silaha za maangamizi, yaani kemikali, vimelea na mionzi, ianze na watu watakaokuwapo saa ya kwanza: muuguzi wa zamu, askari wa zimamoto, mfanyakazi wa bandari na sheha. Sisi tumeizoea khabari ya ugaidi kuwa ni ya ujasusi na mipaka, mambo ambayo raia hayaulizi, na matokeo yake ni kwamba wale watakaosimama mlangoni mwanzo ndio wanaoambiwa mwisho.

Kwanza tuiweke khatari kwenye kipimo chake. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya kawaida yaliyobebwa na magari yaliua zaidi ya watu 200 Nairobi na Dar es Salaam, 11 kati yao Dar es Salaam. Kundi la Aum Shinrikyo la Japani lilikuwa na fedha nyingi, maabara na wanakemia waliosoma vyuo vikuu, na sarini, sumu ya neva, waliyoimwaga ndani ya treni za chini ya ardhi Tokyo tarehe 20 Machi 1995 iliua watu 13 au 14, kwa kutegemea hesabu. Barua zenye kimeta zilizotumwa Marekani mwaka 2001 ziliua watu 5. Kwa idadi ya maiti, baruti na risasi bado ndizo zinazoua zaidi, na mtu anayekutisha kwamba kesho mji mzima utafutika kwa chupa moja hajasoma khabari hizi vizuri.

Lakini Tokyo watu zaidi ya 5,000 walikimbilia hospitali. Hapo ndipo silaha hizi zinapouma: wanakufa kumi na kitu, na maelfu wanafika mlangoni kwa pamoja, wengine wameguswa na sumu kweli, wengine wameshikwa na hofu tu, na wote hawajui wako kundi gani.

Hospitali ya Mtakatifu Luka ya Tokyo ilipokea watu 640 siku ile. Wengi walikuja wenyewe, kwa miguu, kwa teksi, kwa magari ya wapita njia. Mpango wowote unaodhani wagonjwa wataletwa na magari ya hospitali, wakiwa wamekwishasafishwa na kupangwa, haukujifunza hapo. Waliingia ndani na nguo zao. Kanisa dogo la hospitali likageuzwa wodi, halikuwa na hewa ya kutosha, na sarini iliyonasa kwenye makoti na sweta ikaanza kufuka. Zaidi ya wafanyakazi 100 wa hospitali ile waliumwa: macho yaliingia kiza, kichwa kiliuma, koo liliwasha. Wao hawakupanda treni yoyote. Sumu ilitoka kwenye nguo za wagonjwa waliokuwa wakiwasaidia.

Jambo jengine la Tokyo halisemwi sana, nalo kwangu ni kubwa zaidi. Watu walianza kuanguka kama saa mbili asubuhi. Kipimo cha kwanza cha zimamoto kilitaja kemikali nyengine kabisa. Polisi walikuja kuitambua sarini kiasi cha saa tatu baadaye, na madaktari wa hospitali ile walilisikia jina hilo kwenye televisheni. Kabla ya hapo waliongozwa na walichokiona: mboni za macho zimesinyaa hadi kuwa nukta, mate na machozi yanatiririka, misuli inachezacheza. Daktari wa mji mwengine, aliyewatibu wagonjwa wa sarini iliyomwagwa mji wa Matsumoto mwaka 1994, alipiga simu kuwaambia kwamba hali hizo anazijua. Simu ya daktari mmoja na macho ya wauguzi vilifanya kazi ambayo taarifa rasmi haikuifanya kwa wakati.

Dalili hizo wauguzi wetu wanazijua, kwa sababu dawa nyingi za kuulia wadudu shambani, zile za jamii ya oganofosfeti, zinaushika mwili kwa njia ile ile. Anayemtibu mkulima aliyevuta dawa ya mboga, au kijana aliyekunywa sumu ya wadudu kwa kukata tamaa, ndiye huyo huyo atakayemtibu mtu wa sarini. Mafunzo haya si mageni wala si ya siri. Ni mafunzo ya wodi ya kawaida, yakiongezwa swali moja: je, wakija hamsini?

Sasa tuje mlangoni kwa hospitali, maana hapo ndipo ningeziweka fedha mwanzo.

Kuvua nguo peke yake kunaondoa sehemu kubwa kabisa ya kemikali au vumbi la mionzi lililoko mwilini. Makadirio ya kawaida ni asilimia 80 hadi 90. Kunatakiwa kufanyike ndani ya dakika 10 za mwanzo, nje ya jengo, upande ambao upepo unatoka. Nguo hazivuliwi kwa kupitishwa kichwani, kwa sababu uso na pua ndipo pahala pabaya zaidi pa kuzikokotea. Zinakatwa kwa mkasi kutoka mbele, zinakunjwa nje ndani, zinatiwa kwenye mfuko, na mfuko unatiwa kwenye mfuko wa pili. Ikiwa kilichomwagika ni majimaji yasiyounguza, kitambaa kikavu kinachonyonya kinapigwapigwa kwanza juu ya ngozi. Ikiwa kinaunguza, maji mara moja na mengi, macho yasipungue dakika 15. Kisha sabuni na maji ya uvuguvugu, bila ya kusugua hadi ngozi ichubuke, kwa sababu ngozi iliyochubuka inafyonza zaidi.

Kuhusu kinachounguza, Zanzibar haihitaji mfano wa mbali. Mashambulizi ya tindikali ya mwaka 2012 na 2013 yaliwapata viongozi wa dini na wageni, hapa hapa mjini. Tofauti ya aliyemwagiwa maji ndani ya dakika moja na aliyesubiri hadi afike hospitali ni tofauti ya kovu na jicho. Duka lolote la Darajani lenye ndoo ya maji ni kituo cha huduma ya kwanza, na mwenye duka anatakiwa ajue kwamba aimwage taratibu kwa dakika 20, asiimwage mara moja akaacha.

Nimesoma miongozo mingi ya nje ya kusafisha watu, na kwa kisiwa chetu karibu yote inasahau stara. Mwanamke aliyevaa buibui hatolivua mbele ya askari na umati wa watu wenye simu, hata ukimwambia atakufa. Ataondoka, atapanda daladala, ataipeleka sumu nyumbani kwa wanawe. Hili si ukaidi, na kulilalamikia hakumsaidii mtu. Linapangwa mapema: njia mbili, ya wanawake na ya wanaume, kila moja na pazia zito la turubai pande zote nne na juu pia, kwa sababu jirani ana ghorofa, wahudumu wa kike upande wa wanawake, na baada ya maji, khanga mbili kwa kila mwanamke na kikoi kwa kila mwanamme, vikiwa vimehifadhiwa ndani ya sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa muuguzi wa zamu. Ufunguo ukiwa kwa mkuu wa stoo aliyekwenda zake saa tisa na nusu, sanduku hilo halipo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mmoja anahitaji lita 30 hivi. Watu 100 ni lita 3,000. Tangi la plastiki la lita 5,000 lililoinuliwa juu ya jukwaa, mabomba mawili yenye vichwa vya kuogea, mikasi mikubwa 10, mifuko minene 400, kalamu za wino usiofutika za kuandika namba kwenye mfuko na kwenye mkono wa mwenyewe, ili apate pesa zake na simu yake iliyomo. Ukiacha hiyo namba, watu hawatakubali kuacha nguo. Maji yanayotoka yaelekezwe pahala pamoja ikiwezekana, lakini mtu asicheleweshwe kuoshwa kwa sababu hakuna shimo.

Dawa nayo ina hesabu yake. Kwa sumu ya neva, mtu mzima huanzishwa atropini kiasi cha miligramu 2, na daktari anaiongeza kila dakika 5 hadi 10 mpaka kifua kikauke. Kosa linalojirudia ni kusimamisha dawa mapema kwa sababu moyo unakwenda mbio, au kusubiri mboni zifunguke. Kipimo ni kifua. Mgonjwa mzito anaweza kumaliza makumi ya miligramu siku ya kwanza, kwa hivyo wagonjwa 10 wazito kwa miligramu 50 kila mmoja ni ampuli 500 za miligramu 1. Dawa hii ni ya kawaida, inatumika chumba cha upasuaji, kwa hivyo akiba ikizungushwa na stoo ya kila siku haiharibiki kwa tarehe. Tokyo, mji ule wote, pralidoksimu, dawa ya pili ya sumu hiyo, ilibidi isafirishwe kwa treni ya kasi kutoka upande wa Nagoya. Sisi baina ya Unguja na Pemba hatuna treni. Tuna boti, na bahari ya Nungwi wakati wa kusi kila mtu anaijua.

Bandari. Tarehe 27 Juni 2022, Aqaba nchini Jordan, tangi la klorini lilikatika kwenye winchi likaangukia meli. Watu 13 walikufa na zaidi ya 250 waliumia. Ilikuwa ajali, na mwenye nia mbaya asingehitaji zaidi ya uzembe ule. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, ilikuwa tani 2,750 za amonia naitreti zilizoachwa ghalani miaka na miaka huku barua zikipita ofisi hadi ofisi. Zaidi ya watu 200 walikufa. Miji yote miwili ingefaidika zaidi na karani mmoja mwenye orodha iliyo hai ya mizigo ya khatari, na mamlaka ya kukataa, kuliko na kikosi kipya chenye sare.

Klorini ina uzito kiasi cha mara mbili na nusu ya hewa. Inatambaa chini, inajaa mitaroni na vyumba vya chini. Anayekimbia aende kando ya upepo, si mbele yake, na apande juu. Aliyemo ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe yenye kuta nene ana bahati: apande ghorofa ya juu, afunge madirisha, azime feni na kiyoyozi kinachovuta hewa ya nje, azibe chini ya mlango kwa taulo bichi, asubiri. Mabaharia wetu wanajua kwamba kaskazi na kusi haziupeleki moshi pahala pamoja. Basi mpango wa dharura wa bandari nao uwe na kurasa mbili, ya Januari na ya Julai, na kwenye kila ukurasa kituo cha amri kiwe pahala tafauti. Mpango wenye kituo kimoja cha mwaka mzima utakuwa sahihi nusu ya mwaka. Na mahoteli yenye mabwawa ya kuogelea: unga wa klorini na asidi visikae chumba kimoja, wala msaidizi mpya asiachiwe peke yake navyo. Ajali ya bwawa ndiyo klorini ambayo zimamoto wetu wana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo, na kila wanapoitwa ni fursa ya kufanya kazi vizuri kabla ya siku kubwa.

Mionzi inatisha watu kuliko yote na inaeleweka kidogo kuliko yote. Funzo lake kubwa ni Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Zahanati ilihama ikaacha mashine ya tiba ya saratani. Watu wawili wakakichukua kichwa chake kwa ajili ya chuma chakavu, kikauzwa, kikavunjwa, na ndani mlikuwa na sesiamu-137, unga unaong'aa buluu gizani. Watu waligawana, walijipaka, waliupeleka nyumbani. Wagonjwa walipofika hospitali walidhaniwa wana maradhi ya kitropiki. Zilipita zaidi ya wiki mbili, hadi mke wa mwenye skrepa alipoutia mfuko mkononi, akapanda basi, akaupeleka kituo cha afya, akisema hiki ndicho kinachoua watu wangu. Watu 4 walikufa, yeye akiwamo. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya 112,000 walipangwa uwanja wa mpira kupimwa. Bidhaa za jimbo lile zikakataliwa sokoni na watu wake wakakataliwa mahotelini. Hebu fikiria karafuu na utalii.

Vyanzo vya mionzi haviko hospitali tu. Vimo kwenye vipimo vya kushindilia udongo vya wakandarasi wa barabara, vinavyosafirishwa kwenye masanduku nyuma ya pikapu, na kwenye kamera za kupimia welding za mabomba na matangi. Leseni zake ni za Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Wanunuzi wa vyuma chakavu ndio mlango wa mwisho kabla ya balaa, na sijui kwa nini hawahesabiwi kuwa watu wa usalama wa taifa. Wafundishwe kuitambua alama ya feni ya mapanga matatu na kitu kidogo kizito kupita kiasi chake. Wasikate, wasibebe. Watu warudi mita 30 kila upande. Kama kuna moto au moshi mita 300. Kama kinashukiwa kuwa bomu mita 400 au zaidi. Walioshika wasile, wasivute sigara, wasitawanyike, majina yao yaandikwe. Zimamoto mwenye kipimo anaweka kamba pale panaposoma maikrosiviati (kizio cha kupimia mionzi) 100 kwa saa. Na anayetoka damu anatibiwa kwanza, vumbi baadaye: khatari kwa muuguzi aliyevaa glavu, barakoa na joho ni ndogo sana, na mgonjwa kufa nje kwa hofu ya mionzi itakuwa aibu yetu.

Vifaa vya kugundua mionzi bandarini navyo vina ugonjwa wake. Vigae na mbolea vina mionzi ya asili, vinaipigisha kengele, na Zanzibar inayojenga mahoteli inaingiza vigae vingi. Kengele ikilia kila siku kwa vigae, mfanyakazi ataipunguza sauti au ataizima. Dawa yake ni karatasi ya mzigo mkononi, kipimo cha mkono cha pili, na kumbukumbu ya kila mlio. Kubadilisha mashine hakutibu hilo.

Linabaki suala la amri, na hapa nitasema wazi. Ulinzi, usalama na polisi ni mambo ya Muungano. Afya, zimamoto wetu na maafa ni ya Zanzibar. Tuna Sheria ya Kukabiliana na Maafa namba 1 ya mwaka 2015 na Kamisheni yake. Azimio namba 1540 la Baraza la Usalama la mwaka 2004 limeitwisha kila dola wajibu wa kuzizuia silaha hizi zisiwafikie watu binafsi, na huo ni wajibu wa Jamhuri. Mkemia Mkuu ana maabara yake Unguja. Kila mmoja ana sehemu yake, na pale sehemu zinapokutana ndipo dakika zinapopotea: polisi anataka eneo lisiguswe kwa ushahidi, zimamoto anataka kuingia, daktari anataka jina la sumu, na aliye na sampuli anasubiri ruhusa. Kiandikwe cheo kimoja chenye amri ya dakika 60 za mwanzo Unguja, na chengine Pemba, bila ya kusubiri simu ya mtu yeyote ng'ambo ya maji. Matokeo ya awali ya maabara yapelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwa waziri.

Pemba iwe na akiba yake yenyewe, si mgao utakaokuja na boti: tangi, mapazia, masanduku ya khanga na ampuli zile 500, hospitali ya Abdalla Mzee kwanza kwa kuwa Mkoani ndiyo bandari, kisha Chake Chake na Wete. Zoezi la kwanza lifanyike Mkoani siku ya boti, watu 50 wa kujitolea, nusu wanawake, bila ya hospitali kuambiwa ni siku gani ya mwezi. Kipimwe kitu kimoja: dakika ngapi tangu mtu wa kwanza afike getini hadi nguo zake ziko kwenye mfuko. Ripoti isomwe Baraza la Wawakilishi, ikiwa na idadi ya dakika, idadi ya ampuli zilizokutwa kabatini, na cheo cha aliyeshika amri.